Bombay: Aliuzwa utotoni, akajisajili mwenyewe ukubwani

KILA dirisha la usajili likifunguliwa, neno moja ndilo linalotawala vijiwe vya soka kuanzia Kariakoo hadi Mwanakwerekwe: ameuzwa. Straika kauzwa Misri. Beki kauzwa Afrika Kusini. Kiungo kavuka kutoka Msimbazi kwenda Jangwani, mashabiki wanachoma jezi yake barabarani. Na yule anayehama kila baada ya msimu mmoja au miwili ndiyo basi tena, anabandikwa jina la mchezaji wa hela, mtu asiyejua mapenzi ya timu.

Pwani ya Bagamoyo iliwahi kuwa na mwanamume wa aina hiyo, tena miaka mingi kabla ya ligi yoyote ya soka kuchezwa nchi hii. Alifanya kazi ya kulipwa chini ya mabosi wanne. Alivishwa kitambaa cha unahodha, na kila bosi mpya alimvisha tena. Bosi mmoja alimpiga ngumi, mwingine akamfunga minyororo, na bado kila mkataba ulipokwisha alirudi nyumbani akasubiri ofa nyingine. Umbali aliotembea ndani ya Afrika unakadiriwa kufika kilomita 9,600, sehemu kubwa kwa miguu yake miwili.

Jina lake ni Sidi Mubarak Bombay. Tofauti yake na nyota wa leo ni moja. Kwake neno kuuzwa halikuwa lugha ya usajili. Aliuzwa kweli, kama bidhaa, akiwa bado mtoto.

MTOTO WA KIYAO

Bombay alizaliwa karibu mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, eneo ambalo leo ni mpakani mwa Tanzania na Msumbiji. Alikuwa na umri wa miaka 12 hivi wakati wafanyabiashara kutoka pwani walipokizunguka kijiji chao wakiwa na bunduki na mapanga. Kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe ukubwani, wanakijiji walikuwa wamekopa vitambaa na shanga wakati wa njaa, deni likawashinda, na wenye mali wakaja kujilipa kwa watu. Waliowahi kukimbia walikimbia. Yeye alikamatwa.

Kutoka hapo alitembezwa hadi Kilwa, akapandishwa chombo hadi Zanzibar, akapelekwa sokoni. Tajiri aliyemnunua akaondoka naye kwenda India. Ujana wake wote uliishia huko, akitumikia nyumba ya mtu. Bwana wake alipofariki ndipo akaachwa huru.

Jina analojulikana nalo mpaka leo alilipata India. Sidi ndivyo walivyoitwa kule watu wenye asili ya Afrika. Mubarak maana yake aliyebarikiwa. Bombay ni mji, ule ambao siku hizi unaitwa Mumbai. Katika maneno hayo matatu hakuna hata moja alilopewa na mama yake. Ni kama mchezaji anayeingia uwanjani, mgongoni kaandikwa jina la klabu iliyomnunua na siyo la kwao.

Lakini India ilimpa pia kitu ambacho baadaye ndicho kilichopandisha thamani yake. Alirudi akiwa anaongea Kihindustani.

KUONEKANA CHOGWE

Akiwa mtu huru, Bombay alivuka bahari kurudi Afrika Mashariki na kuingia jeshini, katika kikosi cha askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Zanzibar. Alipangiwa kituo cha Chogwe, ndani kidogo kutoka mji wa Pangani.

Februari 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipita pale wakienda Vuga, Usambara, kwa mtawala Kimweri. Safari hiyo kwao ilikuwa kama mechi ya kirafiki kabla ya msimu. Walikuwa wanapima pumzi na vifaa kabla ya kazi yenyewe, ya kuingia bara kutafuta maziwa makubwa yaliyokuwa yakisimuliwa na wafanyabiashara wa pwani.

Burton alikuwa fundi wa lugha. Speke hakuwa hivyo. Kiswahili hakujua, Kiarabu hakujua, ila alikuwa ametumikia jeshi kule India na Kihindustani alikimudu. Kati ya askari wote wa Chogwe, akakutana na mtu mmoja mfupi, mwenye meno yaliyochongwa kwa mila ya Kiyao, anayeongea lugha hiyo. Kuanzia hapo, chochote Speke alichotaka kumwambia mpagazi au mtemi kilipitia mdomoni mwa Bombay. Hata Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifia mtu, alimwona kuwa ndiye johari ya kundi zima.

Akasajiliwa. Kwenye makubaliano kazi yake ilikuwa kumbebea Speke bunduki. Uwanjani akawa kiraka: mkalimani, mpatanishi, mlinzi, na siku za homa muuguzi.

Katikati ya mwaka huohuo msafara uliondoka Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, pale yalipo magofu ambayo wanafunzi hupelekwa kuyatazama. Njia waliyoifuata haikuwa mpya. Wanyamwezi na watu wa pwani walikuwa wameipita miaka mingi, wakileta pembe za ndovu na kurudi bara na vitambaa na shanga. Hiyo ilikuwa ajira kamili. Mpagazi alipatana mshahara wake, alipewa posho ya njiani, alijua kiwango cha mzigo, kilo 30 hivi, na akiona anaonewa alibwaga mzigo akaondoka. Bagamoyo ilikuja kupokea maelfu yao kila msimu. Kwa hiyo Wazungu hawakuja pwani kufundisha watu kusafiri. Walikuja kusajili watu ambao safari ilikuwa fani yao.

MWANZA KWA MIGUU

Novemba 1857 msafara ulifika Kaze, jirani na Tabora ya leo. Februari 1858 ukaingia Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Hali ya mabosi ilikuwa mbaya. Burton miguu ilikuwa imekataa kazi, akawa wa kubebwa. Speke macho yalikuwa yamemuuma kiasi kwamba ziwa lenyewe aliliona kama mtu anayetazama kupitia ukungu. Alipovuka ng'ambo kwa mtumbwi kwenda kutafuta jahazi la kukodi, Bombay alikuwa ndani ya mtumbwi huo.

Julai mwaka huo Burton alibaki Kaze na Speke akakata kwenda kaskazini na kikosi kidogo. Bombay akawa sikio lake na ulimi wake. Tarehe 3 Agosti 1858 wakawa Mwanza, mbele yao maji yasiyoonekana mwisho. Speke akaamini palepale kwamba amepata chanzo cha mto Nile, akaliita ziwa Victoria, kwa jina la malkia wake. Wenyeji waliokuwa wakivua humo miaka yote walikuwa na neno lao, Nyanza, na maji hayo hayakuwa habari mpya kwao.

Leo timu ikitoka Dar es Salaam kwenda CCM Kirumba kwa basi, malalamiko ya uchovu hayaishi hadi kwenye mahojiano baada ya mechi. Bombay alitoka pwani hadi Mwanza kwa miguu, tena baada ya kwanza kuzungukia Ujiji, halafu akageuza.

Februari 1859 waliiona bahari tena, Konduchi, ambako wakazi wa Dar es Salaam huenda kuogelea mwisho wa wiki. Mji wa Dar es Salaam wenyewe haukuwepo bado, kulikuwa na kijiji cha Mzizima. Burton na Speke walifika pwani wakiwa hawapikiki chungu kimoja. Speke alitangulia London kutangaza ziwa lake, Burton akalipinga, na ugomvi wao ukageuka ligi ya magazeti iliyodumu miaka mitano.

Bombay hakuwa na timu katika ugomvi huo. Mkataba wake ulikuwa umekwisha.

KITAMBAA CHA UNAHODHA

Mwaka 1860 Speke alirudi kumalizia kazi, safari hii akiwa na James Grant. Bombay alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kusajiliwa. Waliondoka Bagamoyo mwanzoni mwa Oktoba.

Mkuu wa msafara alikuwa Sheikh Said bin Salim, yuleyule aliyeongoza ule wa 1857. Aliugua, akaachwa Kaze mwaka 1861, na kitambaa kikahamia kwa Bombay. Hapo ndipo presha ilipoanza. Kulikuwa na mwenzake aitwaye Baraka ambaye naye aliamini nafasi hiyo ni yake, na hakukubali kirahisi kupokea maelekezo. Kila anayefuatilia soka anajua chumba cha kubadilishia nguo chenye manahodha wawili kinavyokuwa. Hawa walikuwa nacho kwa miezi, porini, katikati ya watemi waliodai hongo, vitambaa vikipungua na wapagazi wakitoroka usiku.

Kazi ya nahodha wa msafara haikuwa kutembea mbele tu. Alipatana bei ya chakula. Alibembeleza watu waliogoma. Alipokea matusi ya bosi na kuyageuza yawe maneno yanayosikilizika, kisha akapokea malalamiko ya wapagazi na kuyarudisha kwa bosi yakiwa yamepunguzwa makali. Akifanikiwa, sifa ilikwenda kwa bosi. Akishindwa, yeye ndiye aliyeandikwa kitabuni kuwa mvivu, mlevi au mwongo.

Ugomvi mkubwa ulitokea walipokuwa huko ndani. Speke alitoa amri, Bombay akaipinga mbele ya watu, Speke akampiga ngumi. Bombay aliacha kazi palepale. Mzee mmoja wa msafara akaingia kati, akayasuluhisha, na nahodha akarudi kwenye nafasi yake. Pengo la meno ya mbele alilobaki nalo baadaye lilihesabiwa kuwa ni kumbukumbu ya ngumi za Speke.

Februari 1862 walikuwa kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Julai 28 mwaka huo Speke alisimama pale Nile inapotoka ziwani, mahali ambapo leo ni Jinja. Wakaingia Bunyoro kwa Omukama Kamrasi, ambaye hakuwa na haraka ya kuwaachia. Speke akamtuma Bombay atangulie kaskazini kutafuta habari za watu waliotarajiwa kuja kuwapokea kupitia mto. Alikwenda, akarudi na habari. Februari 1863 msafara ukatokea Gondokoro, ndani ya Sudan Kusini ya leo, kisha ukateremka na Nile hadi Cairo.

Wanaume waliomaliza safari hiyo na mabosi wao walikuwa 18 tu. Wengine walikuwa wametoroka, wamerudishwa au wamekufa. Cairo walipigwa picha, wakaahidiwa mishahara ya ziada na shamba kwa kila mmoja kule Zanzibar, kisha wakapandishwa meli kurudi nyumbani kwa mzunguko mrefu uliowapitisha Mauritius na Seychelles. Bombay ndiye aliyewaongoza hadi nyumbani. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha, wenzake wakapata za shaba.

Speke hakuishi kuona mwisho wa ligi ya magazeti. Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo kati yake na Burton, alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

DOLA 80 ZA STANLEY

Januari 1871 mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, alishuka Zanzibar. Alitumwa kumtafuta David Livingstone, mmisionari ambaye habari zake zilikuwa zimepotea bara. Stanley hakuwa amewahi kuongoza msafara Afrika Mashariki. Alifanya kile ambacho kocha mgeni mwenye hela hufanya, alitafuta wazoefu. Aliwapata wanaume kadhaa waliowahi kwenda na Speke, kisha akatumiwa ujumbe mtu anayemhitaji zaidi. Bombay alikuwa Pemba. Akaja.

Masharti ya mkataba huo yanajulikana. Bombay alipatana dola 80 kwa mwaka, nusu yake ikilipwa papo hapo, na juu ya hapo bunduki, bastola, kisu na shoka. Wenzake wa zamani walipata dola 40. Askari wa kawaida walilipwa dola 3 kwa mwezi, yaani 36 kwa mwaka. Nahodha alikuwa anachukua mara mbili ya wakongwe wenzake na zaidi ya mara mbili ya askari wa chini. Kwa lugha ya leo, huyo ndiye aliyekuwa na mkataba mnono kikosini.

Kikosi cha mwisho cha Stanley kilitoka Bagamoyo Machi 21, 1871, mvua za masika zikiwa mlangoni. Bosi alikuwa kijana wa miaka 30, mwenye haraka na mkono mwepesi. Nahodha alikuwa na umri wa miaka 50 hivi na alijua kwamba safari ya bara haikimbiwi. Hawakuelewana tangu mapema. Stanley alimwona mzito, mjanja wa kukwepa kazi. Yawezekana kuna siku alikuwa hivyo kweli. Mabosi wake zaidi ya mmoja walilalamikia pia kupenda kwake pombe.

Oktoba 1871 mambo yakafika pabaya. Walikuwa wamepiga kambi kwenye mto Gombe, kusini magharibi mwa Tabora, eneo lenye nyama tele. Watu walichoka, wakataka siku moja zaidi ya kupumzika, na Bombay ndiye aliyepeleka ombi lao kwa bosi. Stanley akakataa. Walipoanza kutembea, mizigo ikabwagwa chini, na kwa muda mfupi bunduki zikanyooshwa pande zote mbili. Stanley alipowadhibiti wahusika alimgeukia nahodha wake, akamchapa kwa mpini wa mkuki na kumfunga minyororo pamoja na mwenzake Ambari.

Ipime hali hiyo. Mtu aliyewahi kufungwa na kutembezwa hadi Kilwa akiwa mtoto, sasa ana umri wa babu, mwajiriwa wa kulipwa, anafungwa tena kwa sababu alipeleka ombi la siku moja ya mapumziko. Minyororo ilifunguliwa baada ya kuomba radhi, msafara ukaendelea, na Bombay akaendelea nao.

Novemba 1871 waliingia Ujiji, wakamkuta Livingstone. Maneno ya salamu aliyotoa Stanley siku hiyo yanajulikana dunia nzima hadi leo. Kisichotajwa sana ni kwamba kwa Stanley huo ulikuwa mji mpya, wakati nahodha wake alikuwa ameingia humo miaka 13 kabla yake.

Mei 1872 walirudi Bagamoyo. Stanley alipanda meli kwenda kuwa maarufu. Bombay akawa mchezaji huru.

MECHI NDEFU KULIKO ZOTE

Hakukaa benchi muda mrefu. Mwanzoni mwa 1873 alikuja Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, na fedha za kilekile Chama cha Kifalme cha Jiografia, kumpelekea Livingstone msaada. Akamchukua Bombay kuwa mkuu wa watu wake. Baadaye Cameron alinung'unika kwamba amesajili jina, kwamba nguvu za zamani hazikuwepo tena. Ni maneno yaleyale anayoyasikia kila mkongwe anayesajiliwa akiwa jioni ya maisha yake ya soka.

Walitoka Bagamoyo Machi 1873. Mzungu mmoja kati ya wanne waliokuwa nao, Robert Moffat, alikufa kwa homa mapema. Walipofika karibu na Tabora, homa ikawalaza wote waliobaki. Wakiwa hapo, Oktoba, ikaja habari iliyofuta sababu ya safari nzima: Livingstone alikuwa amefariki tangu Mei 1, na watu wake, wakiwemo Susi na Chuma, walikuwa njiani kuuleta mwili pwani.

Mwili huo ulifika Bagamoyo Februari 1874 na kulazwa kwenye kanisa la misheni kabla ya kuvushwa. Mji wote ulijua. Susi na Chuma walialikwa Uingereza mwaka huohuo, wakapokelewa kwa heshima. Bombay, ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa vitabuni London kabla ya majina yao, hakuwepo Bagamoyo siku hiyo na hakualikwa. Alikuwa Ujiji kwa mara ya tatu, kazini.

Maana Cameron alikuwa ameamua kuendelea. Wenzake wawili, Dillon na Murphy, waligeuka kurudi pwani, na Dillon akajiua njiani kwa wazimu wa homa. Bombay naye angeweza kusema mkataba umekwisha. Waliyemfuata amekufa, na umri wake ulikuwa umeshapita hamsini. Hakusema hivyo. Alizunguka na Cameron sehemu ya kusini ya Ziwa Tanganyika, wakaona mto Lukuga unapotokea, wakafika Nyangwe kwenye mto Lualaba, ndani ya Kongo ya leo. Stanley alipotoka tena Bagamoyo Novemba 1874 na kikosi kipya, nahodha wake wa zamani alikuwa ameshavuka ng'ambo ya ziwa siku nyingi.

Mwisho wa safari ulikuwa dakika za nyongeza zisizo na maji. Chakula kilikwisha, vitambaa vya kununulia chakula vikaisha. Cameron alitangulia na wachache kwa mwendo wa kukimbia kutafuta msaada, waliobaki nyuma wakafuatwa baadaye. Novemba 1875 walitokea Katombela, karibu na Benguela, Angola, kwenye bahari ya Atlantiki. Ilikuwa miaka miwili na miezi minane tangu Bagamoyo.

Vitabu vinaandika kwamba Cameron ni Mzungu wa kwanza kuivuka Afrika ya kati kutoka mashariki hadi magharibi. Ni kweli. Na waliovuka pamoja naye, mizigo kichwani, walikuwa wanaume na wanawake wa pwani na wa bara, na mkuu wao alikuwa Mwafrika aliyewahi kuuzwa Zanzibar. Mwaka 1876 walirudishwa nyumbani kwa meli, wakizunguka kusini mwa bara zima.

KUTUNDIKA DALUGA

Baada ya hapo Bombay alitundika daluga. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimpa pensheni, jambo ambalo wachezaji wengi wa baadaye wangelitamani. Alifariki mwaka 1885. Ulikuwa mwaka ambao Ujerumani ilitangaza kuichukua nchi aliyoikata kwa miguu mara nne, na ramani ilizotumia zilichorwa na mabosi wake.

Mabosi hao wanne hawakuwa wote marafiki. Burton na Speke waliishia kuwa maadui.  Kila mmoja aliandika kasoro za Bombay. Lakini kila aliyefuata alikuwa amesoma kasoro hizo kabla hajafika Zanzibar, na alipofika alimtafuta mtu huyohuyo. Hakuna bosi hata mmoja kati yao aliyekuwepo katika safari zote nne. Yeye alikuwepo.

Je, alikuwa na mapenzi na timu? Hakuapa kwa bendera yoyote na hakubusu nembo ya yeyote. Alichofanya ni kumaliza. Katika kazi ambayo watu walitoroka usiku kila wiki, na kutoroka mara nyingi ndiko kulikokuwa na akili zaidi, mikataba yake minne yote ilifika mwisho.

Mashabiki wanapochoma jezi ya mchezaji aliyehama, hasira yao ina maana, timu ni ya moyo. Ila kuna kitu Bombay alikijua kuliko yeyote aliyewahi kuandikwa kwenye kurasa za usajili. Mara ya kwanza alipotoka kwao, bei yake ilipangwa na watu wengine na malipo yakaingia mikononi mwao. Mwaka 1871, alipotoka Pemba kuja kuonana na Stanley, alijipangia mwenyewe: dola 80, nusu itangulie. Akazipokea kwa mkono wake, akachukua bunduki yake, akaenda Bagamoyo.